Nati Iliyogoma

Jumatatu, 8 Januari

Muuguzi wa kitengo cha figo ameniagiza niandike kila asubuhi uzito wa mke wangu na idadi ya vikombe vya maji anavyokunywa. Uzito wake halisi ni kilo hamsini na mbili. Kinachozidi hapo ni maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa, na mashine ya kusafisha damu huyatoa hospitalini siku ya Jumanne na siku ya Ijumaa. Daftari nililonunua lina kurasa mia mbili. Tarakimu mbili kwa siku hazitalijaza, kwa hiyo nitaandika na mengineyo.

Leo: kilo 54. Vikombe vinne. Joto limeanza mapema mwaka huu.

Jumanne, 9 Januari

Kilo 54 na robo kabla ya mashine, 52 baada yake.

Kwenda si taabu. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ingali na ubaridi, naye huegemea dirisha akihesabu nguzo za umeme. Taabu ni kurudi. Mashine humwachia saa saba mchana, damu imesafika lakini presha imeshuka, na safari ya saa moja na nusu inatungoja chini ya jua la utosi. Barabara ya kwetu ni ya mawe. Gari dogo haliifikii nyumba. Tuna pikapu yetu ya kiti kimoja kirefu mbele na bodi wazi nyuma, yenye umri wa miaka ishirini na miwili, ambayo kiyoyozi chake kilifanya kazi mpaka mwaka jana. Leo kilipuliza hewa ya mdomo wa jiko. Tulipofungua vioo, vumbi lilimkohoza. Tulipovifunga, tulikuwa ndani ya tanuri. Kwenye kilima cha pili alilegea, kichwa kikaniangukia begani. Nilisimamisha gari nikammwagia maji ya chupa.

Alipofumbua macho alisema, "Umenilowanishia gauni la kutokea."

Alhamisi, 11 Januari

Kilo 53. Vikombe vinne.

Amekuja shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, ambaye mke wangu alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na mtaani wanamwita Polepole. Sikumwita mimi, dada yake ndiye aliyemwita. Aliacha masomo akiwa darasa la saba, tena darasa langu, na kwa miaka arobaini sijaona sababu ya kubadili maoni yangu juu ya bidii yake.

Aliinua boneti akatazama kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai. Gesi yote imevuja, alisema, kupitia maungio mawili ya bomba la alumini linaloingia kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta, mbele kabisa ya gari. Vipete vya mpira vilivyo ndani ya maungio vimekauka. Vipete vipya ni kitu kidogo. Lakini ili kuvitia ni lazima kufungua nati mbili, nazo zimeshika kutu.

"Nati ni chuma, bomba ni alumini," alisema. "Zimekaa pamoja miaka ishirini na miwili, Mwalimu. Zimeoana. Kuzitenganisha kunataka mazungumzo."

"Mazungumzo ya siku ngapi?"

"Itategemea itakavyosema."

"Nani?"

"Nati."

Mke wangu alicheka kibarazani. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 12 Januari

Kilo 53 na robo, kisha 52. Muuguzi alichelewa dakika arobaini. Nilimweleza kwamba watu wanaokuja kutoka mbali huamka alfajiri, kwamba kuchelewa ni aina ya wizi, na kwamba nikiwa kazini sikuwahi kuingia darasani baada ya kengele kwa miaka thelathini na minane. Alisema, "Pole, mzee." Nilimwambia kwamba pole si saa. Alisema jokofu la dawa lilikuwa limezimika usiku na alikuwa akihamisha dawa. Nilimwambia angeweza kututumia mtu. Alisema mtu huyo ni yeye. Mke wangu alinivuta shati. Njiani kurudi hakuzimia, lakini hakusema neno mpaka tulipofika, na sijui kama ni kwa sababu ya joto au kwa sababu yangu.

Jumamosi, 13 Januari

Kilo 52 na nusu. Vikombe vitatu.

Nimeona jinsi shemeji anavyofanya kazi. Huchemsha maji, huchovya kitambaa, hukizungushia nati na kungoja ipate moto. Moto wa gesi hautumii. Anasema alumini huyeyuka kabla hujapepesa. Kisha hudondosha matone ya mafuta ya kulegeza kutu, huigonga nati kwa nyundo ndogo kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, na huondoka. Hurudi alasiri akarudia. Ndipo hujaribu kwa spana mbili: moja hushika shingo ya kondensa isisogee, nyingine hujaribu nati. Ikikataa, huziweka chini papo hapo.

"Ukitumia spana moja," aliniambia, "bomba litazunguka pamoja na nati. Na bomba la hii gari haliuzwi tena."

"Gari hili," nilisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Hili."

Jumapili, 14 Januari

Kilo 53. Vikombe vinne. Mafuta, nyundo. Hakuna.

Jumatatu, 15 Januari

Kilo 53 na nusu. Vikombe vitano, joto limemshinda. Mafuta, nyundo. Hakuna.

Jumanne, 16 Januari

Kilo 54, kisha 52. Tulijaribu kukaa kwenye korido ya hospitali mpaka jua lipungue. Benchi ni la ubao, na korido ina watu wanaokohoa. Saa tisa aliniomba tuondoke hivyo hivyo. Alitapika mara mbili njiani. Alasiri shemeji alikuja na birika lake, akadondosha mafuta yake, akaenda zake.

Jumatano, 17 Januari

Kilo 52 na nusu. Vikombe vitatu.

Nati ya kwanza imefunguka. Nilikuwa nikimtazama kutoka dirishani. Hakutumia nguvu, mkono wake ulizunguka kidogo tu, akatulia, akarudisha nyuma kidogo, akaongeza mafuta. Baada ya nusu saa nati ilikuwa kiganjani mwake, na nyuzi zake za ndani hazikuharibika hata mmoja. Alimpelekea dada yake aione kama mtoto aliyeokota kitu.

Mke wangu alisema, "Umeona, Mwalimu?"

Nilisema nimeona kwamba imechukua siku tano, na kwamba imebaki nyingine.

Ijumaa, 19 Januari

Kilo 53 na nusu, kisha 52. Redio ilisema ni siku ya joto kali kuliko zote mwezi huu. Alizimia kwenye kilima cha pili na tena kwenye daraja. Kwenye daraja sikuona amezimia. Nilidhani amelala, nikaendelea kuendesha kwa dakika nyingi. Nyumbani alisema, "Siku moja utafika na gunia." Kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Nati ya pili haijasogea hata unywele. Shemeji anasema tusiisumbue leo.

Jumamosi, 20 Januari

Kilo 52 na nusu. Vikombe vitatu. Bomba limevunjika.

Jumapili, 21 Januari

Kilo 53. Vikombe vitatu.

Shemeji alikuja saa mbili asubuhi na birika mkononi. Jana mchana alikuwa ameondoka kwenda kutengeneza jokofu la zahanati, akaacha spana zake juu ya bampa. Aliinama chini ya boneti, akakaa hivyo. Alipitisha kidole juu ya bomba, kutoka kwenye nati mpaka palipopasuka. Kisha alinyanyuka, akanitazama mara moja, akatazama kando.

Mke wangu alikuwa amesogea mpaka mlangoni. "Kuna nini?"

"Bomba limekwenda, dada."

"Limekwendaje?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Labda nyundo yangu ya jana. Labda niliigonga vibaya."

Mtu aliyejua lilivyokwenda alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, kwa kuwa mke wangu alianza kulia kabla ya kuanza kusema, na kulia kwake hakuna haraka.

"Nimekubeba mgongoni," alimwambia. "Watu wote wakisema wewe mzembe, mimi nasema hapana, ni mpole. Nimesubiri siku kumi. Nikasema mdogo wangu yuko kazini, nitapumua. Kumbe umenivunjia."

"Nisamehe, dada."

"Kusanya vyombo vyako, uende. Usiliguse tena gari la watu."

Alikusanya spana zake. Birika alilisahau. Aliponipita alisema, "Kwaheri, Mwalimu," kwa adabu ileile ya siku zote.

Jumatatu, 22 Januari

Kilo 53 na nusu. Vikombe vitano. Nimepiga simu gereji mbili za mjini. Ya kwanza haina bomba la pikapu ya zamani namna hii. Ya pili inataka tuliache gari wiki tatu.

Jumanne, 23 Januari

Kilo 54, kisha 52.

Baada ya mashine hatukufika hata kilima cha kwanza. Alisema, "Simamisha," na kabla sijasimama alikuwa ameteleza chini ya kiti. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama. Nilimbeba mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda cha matofali. Wanawake wawili waliokuwa wakipanga matofali waliacha kazi, wakampepea kwa kipande cha boksi. Mmoja aliniuliza, "Baba, gari lako halina hewa?" Nilimjibu kwamba kiyoyozi kimeharibika. "Nani kakiharibu?" aliuliza, kwa kuuliza tu, kama watu wanavyouliza. Nilijishughulisha na kufungua chupa.

Tulirudi hospitali. Walimtundikia dripu. Muuguzi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, alikaa naye mpaka saa kumi na mbili. Aliniambia kwa upole, "Mzee, hili joto litatupiku. Fanyeni lolote." Sikumsahihisha chochote.

Alhamisi, 25 Januari

Kilo 53 na robo. Vikombe vinne. Nimeosha birika la shemeji nikaliweka kabatini.

Ijumaa, 26 Januari

Kilo 54. Vikombe vinne.

Saa kumi na mbili nilikuwa nimewasha gari. Hakutoka. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa kanga za nyumbani, mikono mapajani.

"Siendi," alisema.

"Leo ni Ijumaa."

"Najua siku. Siendi mpaka jua lipungue. Mashine inaniosha, barabara inaniua. Bora nife hapa penye kitanda changu kuliko ukutani kwa watu wa matofali."

Nilimweleza kwamba jua halitapungua kabla ya Machi. Nilimweleza maji yanafanya nini yakijaa mwilini: miguu kwanza, kisha mapafu. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyowasikiliza wageni, kisha akalala akanigeuzia mgongo.

Jumamosi, 27 Januari

Kilo 54 na robo tatu. Vikombe viwili. Nyayo zimevimba, kidole nikikibonyeza kinaacha shimo.

Jumapili, 28 Januari

Kilo 55 na nusu. Vikombe viwili. Viatu havimwingii. Muuguzi amepiga simu mara mbili. Amesema amemwekea nafasi siku yoyote, saa yoyote, hata Alhamisi ambayo si zamu yake. Mke wangu alimjibu, "Ahsante mwanangu, niko salama," akanirudishia simu.

Jumatatu, 29 Januari

Kilo 56. Vikombe viwili. Usiku amelala ameketi, mito mitatu mgongoni.

Alishuka kwenye mizani akishikilia ukuta, nami nikaandika. Aliuliza, "Unaandika nini humo kila siku?"

"Uzito wako."

"Uzito ni mstari mmoja. Nakuona unageuza kurasa."

Nilimwambia kwamba ninaandika na mambo ya nyumbani. Aliketi, akavuta pumzi mara mbili, akasema, "Nisomee siku bomba lilipovunjika. Nataka kujua ilikuwa saa ngapi. Mimi nilikuwa nimelala."

Nilifungua. Sikuhitaji kutafuta ukurasa. Nilisoma: "Kilo 52 na nusu. Vikombe vitatu. Bomba limevunjika."

"Endelea."

"Ni hayo tu."

Alilitazama daftari. Kisha alisema taratibu, "Muuguzi alipochelewa dakika arobaini uliandika ukurasa mzima. Nilikuona. Bomba langu likapata maneno mawili?"

Nilifunga daftari. Nimewasimamisha watoto wengi mbele ya darasa katika maisha yangu, nikangoja kama yeye alivyokuwa akingoja, na sikujua kwamba mtu anayengojwa husikia damu yake masikioni. Nilimwambia. Shemeji alikuwa amekwenda zahanati. Nilichukua spana moja, nikaivika kipande cha bomba la chuma ili kuiongezea nguvu, nikaikalia kwa uzito wangu wote. Nilihisi inazunguka. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Siku nane, na mimi dakika moja." Halafu nikaona kwamba kilichozunguka ni bomba, si nati, na likapasuka mbele ya macho yangu. Nilirudisha spana palepale zilipokuwa juu ya bampa. Nilizipanga kama alivyokuwa amezipanga.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga.

"Kwa nini uliligusa?"

"Kwa sababu ya Ijumaa ile. Kwenye daraja."

"Hilo ningekusamehe siku hiyohiyo, kabla ya chakula," alisema. "Lakini ulisimama pale ukanitazama ninavyomfukuza. Siku nane mdogo wangu hajakanyaga hapa. Nimemwita mzembe mbele yako, na wewe ukaniacha nimalize." Alipumzika, kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia. "Kamlete."

"Na hospitali?"

"Kamlete kwanza."

Nyumbani kwake shemeji hayupo. Jirani yake amesema hutoka asubuhi na kurudi magharibi, na kwamba wiki hii yote anashinda kwenye uwanja wa magari mabovu.

Jumanne, 30 Januari

Kilo 56 na nusu. Kikombe kimoja.

Nilifika uwanjani saa mbili. Ni mahali pa chuma kitupu, hakuna hata kivuli cha mkono. Nilimwona mwishoni kabisa, ameinama ndani ya mdomo wa pikapu isiyo na magurudumu, ya aina ya yetu. Shingo yake ilikuwa imebabuka kwa jua. Birika jipya lilikuwa juu ya jiwe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Hili bomba ni kama lenu. Nimeshafungua nati moja. Bado hii."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna." Alichovya kitambaa chake, akakikamua. "Nilisema nikilipata nitalileta, dada atake asitake."

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yalitoka bila mpangilio. Hakuacha kazi yake.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nyundo inapasua, haisokoti. Lile bomba lilikuwa limesokotwa kama shuka lililokamuliwa. Na spana zangu ulizipanga vizuri mno. Mimi sizipangi hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie dada kwamba mume wake anadanganya? Mbele yako?" Alitikisa kichwa. "Nilisema, Mwalimu atasema mwenyewe jioni. Jioni ikapita. Nikasema kesho."

"Hajakwenda hospitali tangu Jumanne iliyopita," nilisema.

Mkono wake ulisimama. Aliweka kitambaa juu ya jiwe, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitazama kama mtu anayetazama mwalimu.

"Tangu Jumanne? Wiki nzima?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko hapa nagonga taratibu, nikidhani anakwenda." Sauti yake haikupanda. "Wewe ulijua, ukakaa naye nyumba moja, ukampima kila siku. Kwa bomba, shemeji?"

Alinipa spana moja. "Shika shingo ya kondensa hapa. Usizungushe. Usisaidie. Shika tu."

Nilitaraji kwamba sasa ataharakisha. Hakuharakisha. Alichemsha maji, akazungushia kitambaa, akadondosha mafuta, akagonga, akangoja, akarudia, na uso wake ulikuwa umelowa, sijui ni jasho tupu. Nilishika kwa saa mbili. Viganja vyangu vimetoka malengelenge. Saa nne na nusu nati ililia kama mlango wa zamani, ikakubali.

Jumatano, 31 Januari

Kilo 57. Kikombe kimoja.

Kwa kuwa bomba letu lilikuwa limeshakufa, shemeji alilikata, akapata nafasi ya kuivalisha nati ya pili spana ya duara. Hata hivyo ilimchukua mpaka saa nane. Alitia bomba, vipete vipya, akavuta hewa yote kwa pampu yake, akajaza gesi. Saa kumi kiyoyozi kilipuliza baridi. Dada yake alikuwa kibarazani, miguu juu ya kigoda. Hawakusemezana mengi. Alimwambia, "Shingo yako imeungua." Naye akajibu, "Itapona, dada." Kisha dada yake alimwita karibu, akampaka mafuta ya kupoza shingoni kwa mkono wake, polepole, kwa muda mrefu.

Nimempigia muuguzi simu. Amesema, "Mleteni kesho alfajiri. Nitakuwa mlangoni." Nimemshukuru.

Alhamisi, 1 Februari

Kilo 57 na robo.

Nilikuwa nimevaa viatu. Mke wangu alisema, "Miguu yangu imevimba, inataka nafasi. Ataendesha mdogo wangu. Wewe baki." Ni kweli kwamba kiti ni kifupi kwa watu watatu na miguu ya namna ile. Ni kweli pia kwamba kwa miaka miwili hajawahi kwenda bila mimi. Waliondoka saa kumi na moja.

Nilifagia ua. Nilipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Saa saba nilisimama langoni. Saa nane nilikuwa bado langoni. Kila gari lililopita nililisikia likiwa mbali, na kila moja halikuwa letu. Nilikumbuka kwamba yeye, siku zile nilipokuwa na mikutano ya shule, alikuwa akinisubiri hapa, nami nilikuwa nikimwuliza kwa nini asikae ndani.

Saa kumi kasoro robo liliingia. Vioo vilikuwa vimefungwa vyote. Shemeji alinionyesha kidole mdomoni kabla sijafika. Aliacha injini ikinguruma, akashuka, akaufunga mlango kwa mikono miwili usitoe sauti.

"Kilo tatu wametoa," alinong'ona. "Wamesema wakitoa zaidi kwa mara moja moyo hautastahimili. Kesho tunarudi, na keshokutwa."

"Alizimia?"

"Hapana. Alilala tangu daraja."

Alikwenda kunawa. Nilizunguka mpaka upande wa mke wangu. Alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, na kanga aliyojifunika kifuani ilikuwa ikipanda na kushuka. Sikugonga. Nilisimama pale juani, bila kuegemea mlango, kwa dakika ambazo sikuzihesabu.

Alipofumbua macho alinitazama kwa muda kabla ya kuteremsha kioo kiasi cha vidole viwili. Hewa ya baridi ilinigusa uso.

"Umesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipofika."

Alifikiri. "Kesho uje nawe," alisema. "Utakaa nyuma, kwenye bodi."

Kisha akapandisha kioo. Sikumwuliza kama anatania. Nimetafuta kofia.